Je, picha ya 3D itauonyesha ufa wa jino langu?

Swali: "Shikamoo daktari. Huu mwezi wa nne gego langu moja la chini, upande wa kulia, linanichoma ghafla nikitafuna, na linachoma zaidi nikiachia. Maji baridi nayo yanaliamsha. Lina ziba kubwa la zamani la madini, na gego la nyuma yake lilitibiwa mzizi miaka iliyopita, likavikwa krauni (kofia) ya madini. Nimepigwa eksirei mara mbili, zote zimesomwa kuwa safi. Daktari wa kwanza anataka nipige picha ya 3D 'tuuone ufa wenyewe'. Wa pili anasema hakuna haja ya picha, ling'olewe. Nimsikilize nani? Na mionzi ya hiyo picha je?"

Marahaba. Kwa hatua uliyofikia, nisingekushauri umfuate yeyote kati yao. Picha ya 3D ina kazi yake, tena kubwa, lakini mara nyingi kazi hiyo si kuuonyesha ufa wenyewe. Na jino lenye dalili kama zako haling'olewi kabla ya kupimwa kwa mkono na kwa mwanga. Kuna vipimo vya dakika chache, vya kitini tu, ambavyo katika maelezo yako sivioni popote. Hivyo ndivyo vitangulie.

Dalili ulizozitaja zinafahamika vizuri. Ni zilezile alizozieleza daktari wa meno Cameron mwaka 1964, alipoipa hali hii ya jino lenye ufa jina katika jarida la madaktari wa meno wa Marekani: maumivu makali ya ghafla wakati wa kutafuna, jino kushtuka kwa baridi, na daktari asiyeona kitu kwenye eksirei. Ukiuma, pande mbili za ufa zinaachana kidogo mno. Ukiachia, zinarudiana kwa ghafla. Chini ya enameli, gamba gumu la nje la jino, kuna dentini, na dentini imejaa mirija myembamba yenye majimaji. Ufa unapofunguka na kufunga, majimaji hayo yanasukumwa na kuvutwa, na neva za kiini cha jino zinashtuka. Ndiyo maana maumivu huja kama umeme na kutoweka, na ndiyo maana wagonjwa wengi hawawezi hata kuonyesha jino lenyewe kwa kidole. Magego ya chini yenye ziba kubwa ni miongoni mwa meno yanayopasuka sana, kwa sababu kuta zilizobaki pembeni mwa ziba hubeba nguvu yote ya kutafuna bila kitu cha kuzifunga pamoja.

Eksirei zako mbili kuwa safi hakunishangazi hata kidogo, na halikuwa kosa la mpiga picha. Uwazie ufa kama karatasi nyembamba iliyosimamishwa ndani ya jino. Mionzi ikipita sambamba na karatasi hiyo, ikiufuata ukingo wake, inakutana na uwazi kwa milimita kadhaa mfululizo, na mstari mweusi unachorwa. Mionzi ikiipiga karatasi usoni, inavuka uwazi wa unene wa karatasi tu, kisha inakutana tena na jino gumu. Hakuna kinachochorwa. Sasa, nyufa nyingi za magego hukimbia kutoka mbele ya jino kwenda nyuma yake, kufuata msururu wa meno, na eksirei ya kawaida hupigwa kutoka upande wa shavu kwenda upande wa ulimi. Ufa wako, kama upo, umepigwa usoni mara zote mbili. Ungepigwa mara kumi kwa njia hiyohiyo, majibu yangekuwa yaleyale.

Hapo ndipo watu wanaposema: basi tuzunguke kichwa kizima. Na kweli, mashine ya 3D, ile ambayo kwenye fomu huandikwa CBCT, inazunguka. Chanzo cha mionzi na kipokezi chake hukizunguka kichwa kwa sekunde chache au makumi ya sekunde, vikikusanya mamia ya picha kutoka pembe mbalimbali, kisha kompyuta inajenga umbo zima ambalo daktari analikata vipande popote anapotaka: kwa ulalo, kwa wima, kwa mshazari. Mashine ya kwanza ya aina hii kwa ajili ya meno ilielezwa na watafiti wa Italia mwaka 1998, na tangu hapo imebadilisha mno kazi yetu sisi tunaotibu mizizi ya meno. Kwa hiyo tatizo la mwelekeo wa mionzi limeondoka. Linabaki tatizo la wembamba, na hili ndilo ambalo daktari wako wa kwanza hakukueleza.

Umbo hilo la kompyuta limejengwa kwa vijichembe vya mchemraba vinavyoitwa vokseli. Katika mashine za meno, vokseli moja huwa na upana wa kati ya milimita 0.075 na 0.4, kutegemea mashine na namna ilivyowekwa. Unywele wa kichwa chako una unene wa milimita 0.05 hadi 0.1 hivi. Ufa unaoanza, ule unaokuchoma lakini haujaligawa jino, mara nyingi ni mwembamba kuliko unywele. Ufa wa namna hiyo unaingia wote ndani ya vokseli moja, pamoja na dentini iliyo pembeni yake, na kompyuta inaipa vokseli hiyo rangi moja tu ya wastani. Ufa unamezwa. Halafu ongeza mambo mawili: uwezo halisi wa picha kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana ni hafifu kuliko unavyodokezwa na ukubwa wa vokseli unaotangazwa, na mgonjwa akitikisika hata sehemu ndogo ya milimita, kingo zote zinafifia. Kwa hiyo picha ya 3D ikitoka safi, usikubali kuambiwa "huna ufa". Inasema tu kwamba hakuna ufa mpana wa kutosha kuonekana, na kwamba mfupa bado haujaguswa.

Neno hilo, mfupa, ndilo lililonifanya niithamini sana picha hii. Ufa ukishuka hadi kwenye mzizi, bakteria hushuka nao. Wanakaa ndani ya mwanya, mwili unapambana nao, na mfupa unaouzunguka mzizi unayeyuka kandokando ya ufa. Shimo linalochimbika kwenye mfupa ni la milimita kadhaa, si la sehemu ya milimita, na hilo picha ya 3D inaliona vizuri sana. Tena ina sura zake. Kwenye eksirei ya kawaida tunazoea kuona kivuli kinachoizunguka ncha ya mzizi na kupanda upande mmoja, kama ndoano. Kwenye 3D unaona zaidi: ukuta mwembamba wa mfupa wa upande wa shavu umetoboka kwenye mstari mmoja wa wima, au mfupa umeliwa katikati ya mzizi ilhali juu yake na chini yake ungali mzima. Ugonjwa wa kawaida wa fizi hauli mfupa hivyo. Huo huanzia juu na kushuka kwa upana. Kwa hiyo tunausoma ufa kwa madhara yake, kama unavyojua bomba linavuja ndani ya ukuta kwa kuiona rangi ikibanduka nje.

Ndiyo sababu chama cha Marekani cha wataalamu wa mizizi ya meno na kile cha wataalamu wa picha za kinywa na taya, katika msimamo wao wa pamoja uliohuishwa mwaka 2015, waliweka mpangilio ambao naufuata mpaka leo: kwanza uchunguzi wa kitini na eksirei ya kawaida. Kisha, kama vyote viwili havikutoa jibu na unashuku mzizi umepasuka kwa wima, picha ya 3D ya eneo dogo ndiyo picha ya kuchagua. Angalia maneno hayo: mzizi uliopasuka kwa wima. Tatizo hilo hupata zaidi jino lililokwisha kutibiwa mzizi, ambalo kiini chake kimeondolewa na ambalo haliwezi tena kukushtua kwa maji baridi. Gego unalolieleza linashtuka kwa baridi, maana yake kiini chake kiko hai. Jino lako na jino ambalo maelekezo yale yalilenga zaidi ni wagonjwa wawili tofauti.

Kuna na hatari ya upande wa pili, ambayo kwako ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine kwa sababu ya jirani wa gego lako. Madini huinyonya mionzi kwa wingi. Krauni ya madini, ziba kubwa la madini, nguzo iliyopandwa ndani ya mzizi, hata ile dawa inayojaza njia za mzizi, vyote hutupa michirizi myeusi na myeupe kwenye picha. Mchirizi mweusi unaokatiza jino lililo karibu unafanana na ufa kiasi cha kumdanganya mtu aliyesomea. Niliwahi kuletewa mgonjwa na picha yake iliyochapishwa kwenye karatasi, kipande kimoja tu, chenye mstari mweusi uliokata gego kutoka pembe hadi pembe, na juu yake imezungushiwa duara jekundu. Alikuwa ameshakata tamaa, amekuja kung'oa. Nilipolifungua faili lenyewe kwenye kompyuta na kushuka kipande baada ya kipande, mstari ule haukuishia kwenye jino. Ulitoka nje ya jino, ukavuka fizi, ukaingia hewani ndani ya shavu. Ufa wa jino hauwezi kuendelea hewani. Nilirudi nyuma kuufuata, ukanipeleka moja kwa moja kwenye nguzo ya chuma ya jino la pili. Tulilitoa ziba la gego lile, nikalitazama kwa darubini, na sakafu yake ilikuwa nzima. Maumivu yalikuwa ya njia ya mzizi iliyosahaulika kwenye jino lile lenye nguzo.

Tangu siku hiyo, mstari mweusi hauniridhishi mpaka niuone kwenye vipande kadhaa vinavyofuatana, niuone pia nikikata kwa mwelekeo mwingine, uishie ndani ya mipaka ya jino, na usitoke kwenye madini yoyote. Zaidi ya yote, mfupa ulio pembeni yake uwe na jambo la kusema. Ziko programu zinazodai kuifuta michirizi ya madini. Kwa kutafuta nyufa mimi sizitegemei, maana inayofuta mstari wa uongo inaweza kuufuta na wa kweli.

Sasa vile vipimo nilivyokutajia. Omba vifanyike hata kama daktari ana haraka.

Cha kwanza ni kuuma. Jino lako lina vilele kadhaa, na daktari ana kijiti cha plastiki chenye kijibonde kinachokaa juu ya kilele kimoja kwa wakati mmoja. Unauma, unashikilia, unaachia. Kilele cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna kitu. Cha tatu, unaachia na mkono wako unaruka wenyewe kwenye shavu. Katika nukta hiyo tumejua jino, tumejua upande, na mara nyingi tumejua ufa umepita nyuma ya kilele kipi. Hakuna mashine ya kupiga picha inayoweza kutoa habari hiyo, kwa sababu picha hupigwa jino likiwa limetulia, na ufa wako husema ukiwa umebanwa.

Cha pili ni mwanga. Taa ya kiti inazimwa, na kijitaa chenye ncha nyembamba kinawekwa ubavuni mwa jino. Enameli zima inawaka yote kama kaure. Palipo na ufa uliozama hadi kwenye dentini, mwanga unagota: upande mmoja unang'aa, upande wa pili ni giza, na mpaka kati yao umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Vile vijistari vya juujuu vya enameli, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo na havina neno, huuacha mwanga upite. Ukiwahi kuoneshwa picha za meno yako kwenye skrini ukaona vijistari vingi vya wima kwenye meno ya mbele, hivyo ndivyo. Usiwe na wasiwasi navyo.

Cha tatu ni kijiti cha kupimia fizi, na hiki ndicho chenye uzito mkubwa kuliko vyote katika kuamua kama jino linapona au haliponi. Kinatembezwa taratibu kulizunguka jino, hatua kwa hatua ndogo, si kuchomeka pembe nne na kuondoka. Fizi yenye afya inasoma milimita 2, 3, 2, 3. Kisha ghafla, mahali pembamba kama upana wa kijiti chenyewe, kinadidimia hadi 8, na ukisogea kidogo tu unarudi kwenye 3. Mdidimio huo mwembamba kwa kawaida maana yake ufa umeshafika kwenye mzizi. Ukiwa na 3 pande zote, una nafasi nzuri.

Na kama bado kuna shaka, ziba linatolewa. Watu huliogopa hili, lakini ufa mara nyingi umejificha chini ya ziba lenyewe. Daktari analisafisha shimo, anapaka rangi ya bluu, anaisuuza, kisha anatazama kwa darubini. Rangi yote inaondoka isipokuwa ile iliyoingia kwenye ufa. Unabaki na uzi wa bluu kwenye sakafu ya jino, na daktari anauona unapoanzia na unapoishia. Hapo nawe ungeuona ufa wenyewe, kwa macho.

Je, mimi ningeagiza lini picha ya 3D kwako? Ningeiagiza kama kijiti kingedidimia mahali pamoja na eksirei haikuonyesha kitu, ili nijue mfupa umeliwa kiasi gani kabla sijakuambia habari nzito. Ningeiagiza pia kama kipimo cha kuuma kingetuelekeza kwenye lile gego la nyuma lililotibiwa mzizi, kwa sababu maumivu ya meno hudanganya mahali, na huko picha inaweza kufichua njia ya mzizi iliyosahaulika, uvimbe uliojificha nyuma ya mfupa mnene wa taya la chini, au mzizi unaoliwa na mwili wenyewe. Ingawa baridi unayoihisi haiwezi kutoka kwa jino lisilo na kiini, maumivu ya kuuma yanaweza. Lakini kama kilele kimoja kinaitika, mwanga unagota na fizi ni 3 pande zote, picha haitabadilisha nitakachofanya kesho yake asubuhi. Kipimo kisichobadilisha tiba sioni sababu ya kukilipia kwa mionzi.

Kuhusu mionzi hiyo, isikutie hofu, lakini usiichukulie kama si kitu. Picha ya eneo dogo, ya meno matatu manne hivi, kwa kawaida hutoa makumi ya mikrosiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), ingawa mashine hutofautiana sana. Mionzi ya asili tunayoipata sote kutoka ardhini, angani na kwenye chakula ni wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka duniani. Kwa hiyo ni kama siku kadhaa hadi wiki chache za kuishi tu. Eksirei ndogo ya jino moja iko chini zaidi ya hapo. Ukiamua kupiga, omba eneo dogo la gego hilo na jirani zake, si taya lote na uso mzima: eneo dogo linapunguza mionzi na pia huruhusu vokseli ndogo, yaani unapata picha kali zaidi kwa mionzi michache zaidi. Kama wewe ni mjamzito au unahisi hivyo, sema kabla. Vua hereni, miwani, vibanio na meno ya kuvaa, kaza kidevu kwenye egemeo lake, na usimeze mate mashine inapozunguka.

Kung'oa sasa ni mapema mno. Jino lenye kiini hai, ufa usiofika kwenye mzizi na fizi isiyodidimia kwa kawaida hufungwa kwanza kwa pete au krauni ya muda, ili kuta zake zisiachane. Tunasubiri wiki chache. Maumivu ya kuachia yakiisha na baridi ikawa baridi ya kawaida, linavikwa krauni ya kudumu inayofunika vilele vyote. Kubadilisha ziba peke yake hakutoshi, kwa kuwa ziba huijaza nafasi lakini haliwezi kuzishika kuta. Baridi ikianza kubaki na kuvuma kwa dakika nzima baada ya maji kuondoka, au jino likikuamsha usiku, kiini kimezidiwa, na matibabu ya mzizi yatatangulia kabla ya krauni. Jino la kung'oa ni lile ambalo ufa umekata sakafu yote ya chumba cha kiini, au vipande vyake viwili vinatikisika kila kimoja peke yake, au mzizi umepasuka kwa wima na mfupa umekwisha kuliwa. Hata huko, kwenye gego lenye mizizi miwili, wakati mwingine tunaondoa mzizi mmoja na kuuacha mwingine. Na mahali ambapo picha na kijiti vinabishana, tunafungua fizi kwa ganzi, tunautazama mzizi wenyewe, kisha ndipo tunaamua.

Usikawie lakini. Ufa haujiungi, na kila mlo wa upande ule unausogeza. Mpaka utakapoonwa, tafuna kwa upande wa kushoto, acha barafu, mifupa na kitu chochote kigumu. Ukienda, nenda na eksirei zako zote mbili, na kama utapigwa ya 3D, dai faili lote kwenye diski au flashi pamoja na ripoti ya aliyelisoma lote. Kipande kilichochapishwa kwenye karatasi usikipokee kama jibu.